Homa ya Ini: Ugonjwa Mrefu na Gharama Zake

Soma habari hii polepole. Ukimaliza kila sehemu, pumzika, kisha mweleze mwenzako uliyoyaelewa. Mwisho wa somo kuna maana ya maneno, hesabu na maswali.

1. INI NI NINI?

Ini ni kiungo kikubwa kilicho ndani ya tumbo, upande wa kulia, chini ya mbavu. Kila mtu amewahi kuliona ini la kuku au la mbuzi. La binadamu hufanana nalo, ila ni kubwa zaidi.

Ini hufanya kazi nyingi. Huchuja sumu katika damu. Husaidia tumbo kusaga mafuta. Huweka akiba ya chakula ambacho mwili utakitumia baadaye. Husaidia damu kuganda mtu anapojikata. Ini likiharibika kabisa, mtu hawezi kuishi.

Ini lina tabia moja ya ajabu. Ni kiungo kivumilivu sana. Laweza kuumwa miaka 20 au 30 bila kutoa sauti. Mwenye ini hilo hulima, hucheka, huoa na huzaa. Hajui kwamba ndani kuna moto unaoteketeza polepole.

2. VIRUSI VYA HOMA YA INI

Virusi ni vijidudu vidogo sana. Havionekani kwa macho. Virusi vinavyoshambulia ini viko vya aina tano kubwa. Wataalamu wamevipa majina ya herufi: A, B, C, D na E.

Aina A na E huenea kwa maji machafu na chakula kichafu. Mara nyingi mgonjwa hupona baada ya wiki au miezi michache.

Aina B na C ni tofauti. Huingia kwa njia ya damu na majimaji ya mwili, na huweza kukaa mwilini maisha yote. Hiyo ndiyo homa ya ini ya kudumu. Aina D humpata tu mtu mwenye aina B, na humzidishia ugonjwa.

Virusi B viligunduliwa na mtaalamu wa Marekani, Baruch Blumberg, katika miaka ya 1960. Alizaliwa tarehe 28 Julai, na siku hiyo sasa ndiyo Siku ya Homa ya Ini Duniani. Virusi C vilitambuliwa mwaka 1989.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na homa ya ini B ya kudumu. Wengine milioni 50 waliishi na aina C. Katika mwaka huo watu milioni 1.3 walikufa kwa homa ya ini. Kati ya watu 100 wenye aina B, ni 13 tu waliokuwa wamepimwa na kujua. Waliokuwa wakipata dawa ni 3 tu.

3. HUENEAJE?

Virusi B huenea kwa njia hizi:
(a) Kutoka kwa mama mwenye virusi kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa.
(b) Kati ya watoto wadogo wanaocheza pamoja, wakiwa na vidonda na michubuko.
(c) Kwa kujamiiana bila kinga na mtu mwenye virusi.
(d) Kwa sindano, wembe, kisu cha tohara au cha chale kilichotumiwa na mtu mwingine.
(e) Kwa kuongezewa damu ambayo haikupimwa.

Virusi hivi ni vigumu kufa. Tone la damu likikauka juu ya wembe, virusi vyaweza kuishi humo siku 7 au zaidi.

Virusi B haviambukizi kwa kushikana mikono, kula sahani moja, kukumbatiana, kukohoa au kuketi pamoja. Mbu hawavienezi. Mtoto aliyechanjwa huweza kunyonya maziwa ya mama yake bila hofu.

Umri wa mtu anapoambukizwa ni jambo kubwa. Mtu mzima akiambukizwa aina B, mara nyingi mwili wake hushinda wenyewe. Chini ya watu 5 kati ya 100 hubaki na ugonjwa wa kudumu. Lakini mtoto mchanga akiambukizwa, karibu watoto 90 kati ya 100 hubaki nao. Ndiyo maana watu wazima wengi wanaougua leo walianza ugonjwa huu wakiwa bado wanabebwa mgongoni.

4. KISA CHA MFANO: BABA NEEMA NA MAMA NEEMA

Kisa hiki ni cha mfano tu. Lakini mambo yaliyomo huwapata watu wengi.

Baba Neema ni mkulima. Ana ekari mbili za mahindi na mbuzi wanane. Siku moja shemeji yake alipasuliwa hospitalini, na ndugu wakaombwa kutoa damu. Baba Neema alikwenda kwa moyo mmoja. Damu yake ikapimwa kwanza. Muuguzi akamwita pembeni.

"Kaka, damu yako hatuwezi kuitumia," alisema. "Ina virusi vya homa ya ini, aina B."

"Lakini mimi siumwi," alijibu Baba Neema. "Jana nimelima tangu asubuhi hadi adhuhuri."

"Ni kweli. Ugonjwa huu hauna haraka. Ndiyo maana tunataka uonwe na daktari mapema."

Daktari wa hospitali ya wilaya alimweleza kwamba si kila mwenye virusi hupewa dawa siku ileile. Kwanza hupimwa kama ini limeumia, na kama virusi ni vingi. Baba Neema alipimwa. Ini lake lilikuwa limeanza kupata makovu. Akaandikiwa kidonge kimoja kila siku, na akaambiwa, "Kidonge hiki hakiviondoi virusi vyote. Huvizuia visizaliane. Yawezekana ukakinywa maisha yako yote."

Maneno hayo, "maisha yako yote," yalimlemea Baba Neema kuliko jina la ugonjwa.

Miezi mitano ya kwanza alikwenda mjini kila mwezi kuchukua dawa. Aliuza mbuzi wawili. Mama yake mzazi alisema mwanawe amerogwa, wakampeleka kwa mganga wa kienyeji. Huko alitoa mbuzi wa tatu, akanywa dawa za mizizi. Mwezi wa sita ulikuwa wa njaa. Ghala lilikuwa tupu. Baba Neema akasema, "Mimi sijisikii vibaya. Fedha hizi afadhali zinunue unga." Akaacha kidonge. Hakumwambia mtu.

Wakati huohuo habari zilikuwa zimeenea kijijini. Majirani wawili waliacha kunywa chai kwake. Baba Neema mwenyewe alianza kula peke yake, akiwa na sahani yake na kikombe chake. Aliacha kuwabeba watoto.

Baada ya miezi michache macho yake yaligeuka manjano. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Alichoka hata kushika jembe hakuweza. Walimpeleka hospitalini kwa gari la kukodi. Daktari alisema virusi vilipata nafasi vya kutosha dawa ilipoachwa ghafla, vikaamka kwa nguvu. Alilazwa wiki mbili. Mbuzi watatu zaidi walikwenda.

Alipopata nafuu, muuguzi alimwita Mama Neema.

"Mama, wewe na watoto mmepimwa?"

"Bado, dada. Tuliogopa."

"Msiogope. Leteni kadi za kliniki za watoto."

Kadi zilionyesha kwamba watoto wote walichanjwa wakiwa wachanga. Mama Neema alipimwa, akakutwa hana virusi. Akachanjwa sindano ya kwanza siku hiyohiyo, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu baada ya miezi sita.

Jioni ile Mama Neema aliandaa ugali na mboga katika sinia moja. Alimwita mumewe. "Baba Neema, njoo ule nasi. Mimi nimekingwa, watoto wamekingwa. Hakuna sababu ya wewe kula kama mgeni katika nyumba yako."

Kisha akachukua daftari lake la kisomo. Akasema, "Sasa tufanye hesabu. Tusiposhinda hesabu hii, dawa itatushinda tena."

5. HESABU YA MAMA NEEMA

Bei zilizo hapa ni za mfano. Za kwenu zitakuwa tofauti. Lakini njia ya kuhesabu ni ileile.

Kila safari ya kwenda mjini kuchukua dawa:

Nauli ya kwenda na kurudi: sh. 20,000
Chakula na maji njiani: sh. 5,000
Siku 2 za kazi zilizopotea: sh. 10,000
Dawa ya mwezi mmoja: sh. 15,000
Jumla ya safari moja: sh. 50,000

Safari 12 kwa mwaka: 50,000 x 12 = sh. 600,000

Vipimo vya damu na picha ya ini kwa mwaka: sh. 200,000

Jumla ya mwaka: sh. 800,000

Gunia la mahindi huko kwao lauzwa sh. 80,000. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa ukila magunia 10 kila mwaka. Baba Neema huvuna magunia 20. Nusu ya shamba ilikuwa ikilimwa kwa ajili ya ini.

Mama Neema aliendelea. Alitenga dawa peke yake: 15,000 x 12 = sh. 180,000. Kisha akatenga njia peke yake, yaani nauli, chakula na siku za kazi: 35,000 x 12 = sh. 420,000.

"Tazama," alisema. "Dawa si kitu kikubwa. Njia ndiyo inayotumaliza."

Walikwenda kumwuliza daktari kama Baba Neema anaweza kupewa dawa za miezi mitatu kwa mara moja. Daktari alikubali, kwa kuwa hali yake ilikuwa imetulia. Sasa safari ni 4 kwa mwaka, na vipimo hufanywa katika safari hizohizo.

Njia: 35,000 x 4 = sh. 140,000
Dawa: 15,000 x 12 = sh. 180,000
Vipimo: sh. 200,000
Jumla ya mwaka: sh. 520,000

Wameokoa sh. 280,000, yaani magunia matatu na nusu. Gharama iliyobaki bado ni kubwa kwa mkulima. Lakini sasa wanaijua, na wanaweza kuipanga. Baada ya kila mavuno huuza magunia sita na nusu na kuweka fedha hizo mbali. Haba na haba hujaza kibaba.

6. KWA NINI DAWA NAFUU HUWA GHALI KWA MGONJWA?

Dawa inayotumiwa sana kwa homa ya ini B ni tenofovia. Dawa hii pia hutumiwa kwa wenye virusi vya UKIMWI. Viwanda vingi huitengeneza, na katika soko la dunia dawa ya mwezi mmoja yaweza kupatikana kwa chini ya dola 3 za Marekani.

Hata hivyo, katika nchi nyingi za Afrika, mwenye virusi vya UKIMWI hupewa dawa bure, na mwenye homa ya ini B peke yake hujilipia. Kidonge ni kilekile. Mmoja hupewa mkononi, mwingine huuza mbuzi. Hilo ni jambo ambalo wananchi wana haki ya kuliuliza mbele ya viongozi wao.

Sababu nyingine ni hizi. Vipimo vya wingi wa virusi havipatikani kila mahali. Mara nyingi dawa hutolewa katika hospitali kubwa tu. Na mgonjwa asiyekuwa na bima ya afya hulipa kila kitu kwa fedha taslimu. Kabla ya kuingia katika bima yoyote, uliza: Je, inalipia dawa ya homa ya ini? Inalipia vipimo vyake? Mgonjwa akipewa rufaa, itamlipia huko pia?

7. HABARI KUTOKA MISRI

Misri ni nchi iliyo kaskazini mwa Afrika, kando ya mto Nile. Nchi hiyo ilipata msiba mkubwa wa homa ya ini C. Tazama jinsi msiba huo ulivyoingia.

Wakulima wa Misri huingia majini kumwagilia mashamba. Wengi waliugua kichocho. Tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali iliwatibu kwa sindano nyingi. Nia ilikuwa njema. Lakini sindano chache zilitumiwa kwa watu wengi, na hazikuchemshwa vya kutosha. Wakati huo hakuna aliyevijua virusi C. Virusi vikapita kutoka mkono wa mtu huyu hadi mkono wa yule. Siku hizi kichocho hutibiwa kwa vidonge, lakini madhara ya sindano zile yalibaki katika damu. Uchunguzi wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba karibu watu 15 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 59 walikuwa na dalili katika damu kwamba waliwahi kuambukizwa aina C.

Matibabu ya zamani yalikuwa mateso. Mgonjwa alichomwa sindano kila wiki, pengine kwa mwaka mzima. Alipata homa, uchovu na huzuni nyingi. Tena wengi hawakupona.

Mwishoni mwa mwaka 2013 dawa mpya ya vidonge ilianza kuuzwa Marekani. Iliponya watu wengi sana. Lakini kidonge kimoja kiliuzwa dola 1,000. Mgonjwa alihitaji kidonge kimoja kila siku kwa wiki 12. Fanya hesabu: wiki 12 zina siku 84. Kwa hiyo dawa hiyo peke yake iligharimu dola 84,000. Hata matajiri waliguna.

Misri haikukubali bei hiyo. Serikali ilijadiliana na kampuni iliyotengeneza dawa. Mwaka 2014 wakakubaliana dola 300 kwa mwezi, yaani dola 900 kwa miezi mitatu. Baadaye viwanda vya Misri vyenyewe vilianza kutengeneza dawa za namna hiyo. Bei ikashuka hadi chini ya dola 100 kwa matibabu yote.

Oktoba 2018 serikali ilianza kuwapima wananchi nchi nzima, mjini na vijijini. Watu wapatao milioni 60 walipimwa. Waliokutwa na virusi walitibiwa kwa gharama ya serikali. Watu zaidi ya milioni 4 wametibiwa. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua Misri kuwa nchi ya kwanza kufikia hatua ya juu katika njia ya kuitokomeza homa ya ini C.

Tunajifunza mambo matatu. Kwanza, bei ya dawa si amri ya Mungu. Bei hupangwa na watu, na watu wakijadiliana hushuka. Pili, mgonjwa mmoja hawezi kujadiliana na kiwanda, bali nchi inaweza. Tatu, sindano chafu ya siku moja yaweza kuleta gharama ya miaka 50.

8. KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Homa ya ini C ina dawa ya kuponya, lakini haina chanjo. Homa ya ini B ina chanjo nzuri, lakini dawa yake mara nyingi huzuia tu, haiponyi kabisa.

Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya homa ya ini B mwaka 2002. Mtoto hupewa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, pamoja na chanjo nyingine. Usikose hata moja. Shirika la Afya Duniani hushauri pia mtoto apewe sindano moja ndani ya saa 24 za kwanza baada ya kuzaliwa. Uliza kliniki yako kama inatolewa.

Watu wazima wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuchanjwa. Wao wapimwe. Asiye na virusi achanjwe mara tatu. Mama mjamzito aombe kupimwa, maana akijulikana mapema mtoto wake aweza kukingwa.

Nyumbani na kijijini, kila mtu awe na wembe wake na mswaki wake. Kinyozi abadilishe wembe kwa kila mteja. Wanaotahiri na wanaochanja chale watumie kisu au wembe mpya kwa kila mtu. Usikubali kuchomwa sindano iliyotumika. Ukiona damu ya mtu, usiiguse kwa mkono mtupu.

9. ALIYEKWISHA KUUGUA AFANYE NINI?

(a) Amwone daktari na kupimwa ini mara kwa mara, hata kama hasikii maumivu.
(b) Akipewa dawa, anywe kila siku. Asiache bila kumwuliza daktari. Fedha zikipungua, aseme mapema, asinyamaze.
(c) Aache pombe kabisa. Gongo na pombe nyingine humalizia ini lililoumia.
(d) Asinywe dawa za mizizi au vidonge vya dukani bila kuuliza. Dawa yoyote huweza kupita katika ini.
(e) Asile mahindi au karanga zilizoota ukungu. Ukungu huleta sumukuvu. Sumukuvu pamoja na virusi B huongeza sana hatari ya saratani ya ini. Anika mahindi vizuri, yahifadhi mahali pakavu, tupa yaliyooza.
(f) Awaambie watu wa nyumbani ili wapimwe na kuchanjwa.

Jambo hili la mwisho ndilo gumu. Wengi huficha kwa sababu ya aibu. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi tulio wazima tusimfanye mgonjwa ajifiche. Ukimtenga jirani, humkingi mtu yeyote. Unamfanya tu aache kwenda hospitalini mchana kwa kuogopa kuonekana.

Kijiji kinaweza kupunguza mzigo. Wagonjwa wa njia moja wanaweza kuchangia gari. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kutenga mfuko wa matibabu. Mkutano wa kijiji unaweza kuiomba wilaya dawa zifikishwe katika kituo cha afya kilicho karibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MAANA YA MANENO

Virusi: vijidudu vidogo sana vinavyoleta magonjwa.
Kudumu: kukaa muda mrefu bila kuondoka.
Makovu ya ini: alama ngumu zinazobaki ini linapoumia mara nyingi.
Chanjo: dawa inayoutayarisha mwili kupigana na ugonjwa kabla haujaingia.
Sumukuvu: sumu inayotokana na ukungu katika nafaka, karanga na vyakula vingine.
Rufaa: kupelekwa kutoka hospitali ndogo hadi hospitali kubwa.
Kutokomeza: kumaliza kabisa.

MASWALI

1. Ini liko upande gani wa mwili? Taja kazi zake tatu.
2. Taja njia tatu zinazoeneza virusi B, na njia tatu zisizoeneza.
3. Baba Neema alijuaje kwamba ana virusi?
4. Kwa nini aliacha dawa? Nini kilimpata?
5. Kwa nini Mama Neema alisema, "Njia ndiyo inayotumaliza"?
6. Watu wa Misri waliambukizwaje aina C kwa wingi?
7. Kuna tofauti gani kati ya aina B na aina C, kwa upande wa chanjo na wa dawa?

HESABU

1. Nauli ikipanda kutoka sh. 20,000 hadi sh. 26,000, safari 4 za mwaka zitaongeza gharama kwa kiasi gani?
2. Dawa zikiletwa kituo cha afya cha karibu, Baba Neema hatalipa nauli wala chakula, na atapoteza siku moja tu ya kazi kwa kila safari, yaani sh. 5,000. Safari ni 4. Njia itamgharimu kiasi gani kwa mwaka? Ataokoa kiasi gani, ukilinganisha na sh. 140,000?
3. Andika gharama za kwenda hospitali ya wilaya kutoka kijijini kwenu. Ni debe ngapi za mahindi?

MAZUNGUMZO YA DARASA

1. Je, ni haki mgonjwa mmoja apewe kidonge bure na mwingine akinunue? Kila mmoja atoe maoni yake.
2. Jirani yako amekutwa na homa ya ini B. Watu wanakataa kunywa maji nyumbani kwake. Utawaambia nini?
3. Nani katika kijiji chetu hutumia wembe au kisu kwa watu wengi? Tutazungumza naye namna gani bila kumvunjia heshima?

ZOEZI LA KUANDIKA

Andikeni pamoja barua fupi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Mwulizeni mambo haya: wapi watu wazima wanaweza kupimwa homa ya ini B, chanjo ni bei gani, na kama dawa zinaweza kutolewa kwa miezi mitatu kwa mara moja. Someni barua hiyo kwa sauti darasani. Isahihisheni, kisha mpeni Afisa Mtendaji wa Kijiji aipeleke.